Natoka Goma, nasoma Iowa: naweza kuongeza saa za kazi na kupunguza masomo?

Mtoto wa Birere:
Jambo bandugu. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza hapa Iowa, kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Papa ana duka la vifaa vya ujenzi Birere, na ada yangu ilitoka hapo: anaweka pesa benki, benki inatuma. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga, mabati na misumari iliyokuwa stoo ikabebwa yote. Familia iko hai, namshukuru Mungu. Lakini hata pesa alizokuwa ameweka papa hawezi kuzifikia.

Naosha vyombo kwenye jiko la chuo saa 20 kwa wiki, mwisho wa ruhusa muhula ukiwa unaendelea. Zinatosha chumba na chakula. Deni la ada liko palepale, na mpaka lilipwe siwezi kujiandikisha muhula ujao. Mwenzangu wa chumba ni Msudani. Anapita saa 20, amechukua krediti 6 badala ya 12, na kila kitu chake ni halali. Anasema ni ruhusa ya vita vya kwao. Na kwetu si vita? Naombaje? Nafikiria kuacha masomo mawili wiki hii nipate muda wa kazi.

Mjukuu wa Kismayu:
Kaka, usiache hata somo moja kabla hujasoma hapa.

Anachotumia mwenzako tunakiita SSR, nafuu maalumu kwa wanafunzi. Waziri wa Usalama wa Ndani wa Marekani anatoa tangazo kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali, na tangazo linataja nchi kwa jina, na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Syria walipata 2012, Nepal baada ya tetemeko la 2015, Ukraina na Sudan 2022. Sisi Wasomali tulipata 2023. Nimekulia Eastleigh lakini pasipoti yangu ni ya Somalia, na aliyenilipia ada ni mjomba wa Kismayu, biashara yake ikaanguka. Nilishuka hadi krediti 6 (wa uzamili ni 3) na bado nikahesabiwa mwanafunzi wa muda wote. Kuongeza saa ndani ya chuo, mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni aliandika tu kwenye I-20 yangu, ile fomu ya chuo inayoonyesha wewe ni mwanafunzi wa F-1. Kufanya kazi nje, nilisubiri kadi ya kibali.

Kongo haimo kwenye matangazo hayo. Inaniuma kukuandikia hivi, maana risasi ni zilezile. Ukiacha masomo kwa kumwiga Msudani, yeye atabaki salama na wewe utapoteza hadhi yako ya F-1.

Mtoto wa Birere:
Basi mtu wa Goma hana kitu? Kuna rafiki ananiambia nipeleke chakula kwa gari jioni, nikitumia akaunti ya shemeji yake.

Msukuma wa Texas:
Usithubutu ndugu yangu. Kuna kijana wa kwetu Mwanza alibeba boksi usiku kwa jina la mtu mwingine. Mwenye jina alipogoma kumlipa, angeshtaki wapi?

Mama Nabintu, Ohio:
Mwanangu, pole sana. Mimi ni wa Bukavu, tuliangukiwa na hayohayo Februari, na kazi yangu ni ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Hiyo akaunti ya shemeji iache kabisa. Mwanafunzi aliyepoteza hadhi kwa sababu nyingine anaweza kuomba arudishiwe; aliyefanya kazi bila kibali, mlango huo umefungwa kwake. Na kupunguza masomo kuna sababu chache zinazokubalika: ugonjwa, ugumu wa masomo mwanzoni, muhula wa mwisho. Kukosa pesa si mojawapo.

Iko njia nyingine, isiyouliza unatoka nchi gani: kibali cha kazi nje ya chuo kwa dhiki kubwa ya kiuchumi. Uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo ukiwa F-1, maendeleo yako yawe mazuri, na dhiki iwe imekukuta ukiwa tayari huku, bila kosa lako. Hakitakupa zile krediti 6, na masomo yakiendelea ni saa 20 tu kwa wiki, ila utaruhusiwa kutafuta kazi yenye mshahara mkubwa kuliko ya jikoni. Mshauri wako anaweka pendekezo kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa taarifa za wanafunzi wa kigeni, na kukupa I-20 mpya. Tangu siku hiyo una siku 30 za kutuma fomu I-765, ya kuomba kibali cha kazi, kundi (c)(3)(iii). Ada iliyowekwa Aprili 2024 ni dola 470 mtandaoni, 520 kwa karatasi. Usianze kazi kabla kadi haijafika mkononi.

Sasa sikiliza kuhusu barua, maana hapo ndipo watoto wetu wanapokosea. Usimwandikie ofisa historia ya M23. Muonyeshe pesa zilivyokuwa zinakuja, na siku zilipokatika. Risiti za papa za kutuma ada, picha za duka kabla na baada, barua yake fupi, bili ya chuo yenye deni. Kurasa chache zinazofuatana vizuri.

Kibali kinaweza kuchukua miezi, na deni halisubiri. Nenda ofisi ya fedha uombe kulipa kwa awamu, halafu uulize mfuko wa dharura wa chuo. Institute of International Education nayo ina mfuko wa wanafunzi waliokumbwa na maafa kwao, ila jina lako linapelekwa na chuo, hivyo mwambie mshauri aangalie kama Kongo imo safari hii.

Mtoto wa Birere:
Aksanti sana mama, nawe kaka wa Kismayu. Nimepata miadi na mshauri Alhamisi, masomo sijagusa. Papa ana risiti za benki za 2023 na 2024 kwenye simu, lakini zote ni za Kifaransa. Nitafsiri mwenyewe?

Mama Nabintu, Ohio:
Afadhali mtu mwingine. Kila karatasi ya Kifaransa iende na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri aandike chini kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi, kisha jina, sahihi na tarehe. Si lazima awe wa kulipwa. Muombe mwalimu wa Kifaransa hapo chuoni kwako, na uende nazo hiyo Alhamisi hata kama hajamaliza zote.