Kamea kangu kako nusufamilia gani? Kesho asubuhi natoa erbario

Mwana_Kadutu: Bandugu, munisaidie. Niko Bukavu, namalizia erbario ya shule (mimea ya kukausha na kubandika ku karatasi) na kamea kamoja kananikosesha usingizi. Nilikachuma pembeni ya barabara ya Bagira, ua njano, majani meno meno, mbegu zinashika nguo. Familia ni Asteraceae, ile ya alizeti, hapo sina shaka. Nusufamilia, kikundi ndani ya familia, ni Asteroideae, ao?

MamaSungura: Ya njano ya barabarani? Sungura zangu za Panzi zinamaliza yote, nilianza na mbili sasa kibanda kimejaa!

Yaya_Majani: Vunja shina. Linatoa maziwa?

Yaya_Majani: Mbona unanyamaza?

Mwana_Kadutu: Linatoa. Meupe, yananatanata ku vidole. Lakini etiketi nilishaandika Asteroideae na gundi imeshakauka, tena Asteroideae peke yake iko na karibu asilimia 70 ya spishi za familia yote, kwa hiyo nafikiri inaweza kupita.

Yaya_Majani: Mmea haupigiwi kura, ndogo yangu. Lile tunaita ua ni kichwa chenye vijiua vingi. Ng'oa kale ka katikati kabisa. Kama nako ni ulimi wenye meno matano ku ncha, na maziwa yanatoka, hiyo ni nusufamilia Cichorioideae, ndugu ya saladi. Asteroideae kama alizeti, katikati ni vimirija, ndimi ziko pembeni tu.

Mzee_Nguba: Mubirizi, mmea wa familia hii hii, mama alitutwangia wakati wa malaria, uchungu wake ungali ku ulimi wangu, hauna maziwa hata tone, na vitabu viliuweka Cichorioideae miaka mingi. Maziwa yakikosa musikimbilie kukataa. Na ninyi vijana munabandika kwanza, kuangalia baadaye.

Kobayi243: Ngojeni, Mwana_Kadutu anatudanganya. Maziwa na mbegu za kushika nguo ku shina moja? Zenye kushika ni za kishonanguo, yeye ni Asteroideae na hana maziwa. Hizo za maziwa ziko na nywele nyeupe, zinaruka na upepo. Mmea huo umeutunga wewe!

Mwana_Kadutu: Sikutunga! Mbegu nilizitoa ku suruali yangu ile jioni, nikajua ni zake, nikabandika pamoja. Na sasa hivi nimehesabu meno ya kale ka katikati na taa ya simu. Ni matano.

Yaya_Majani: Mbegu zitoe. Gundi ilainishe na maji ya vuguvugu, polepole, usipasue karatasi.

Mwana_Kadutu: Na etiketi?

Yaya_Majani: Andika ingine.

Mwana_Kadutu: Umeme umeenda. Nawasha mushumaa.