Maneno ya baba siku zake za mwisho: ni yeye au ni ugonjwa?

BintiKambi, Bombo
Habari zenu. Tumemzika baba mwezi uliopita. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, nasi tumekulia kambini, ndiyo maana nyumbani ni Kiswahili. Waragi, ile pombe kali ya kwetu Uganda, aliuanza akiwa bado kazini. Baadaye ikawa ule wa vifuko vya plastiki, na vilipopigwa marufuku 2019 akahamia lira-lira, pombe kali ya kienyeji. Mwaka huu macho yakawa manjano, miguu ikavimba, tumbo likajaa maji hadi kitovu kikatokeza nje. Daktari alisema ini limejaa makovu. Shangazi zangu wanasema alilishwa sumu.

Hilo la sumu silishiki. Linaloniuma ni jingine. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha uji na kumgeuza kitandani. Siku za mwisho alikuwa analala mchana, usiku anakesha akipiga kelele kama yuko lindoni. Akaniita mwizi, eti nimeuza ng'ombe wake. Ng'ombe hatujawa nao tangu nikiwa mdogo! Akasema nitoke, mimi si mtoto wake. Baada ya hapo hakuamka tena. Pombe alikuwa hajaionja kwa wiki kadhaa, na watu wa kwetu wanaamini anayekaribia kukata roho hasemi uongo. Je, hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake? Anayejua anijibu.

Nesi_Tororo
Pole sana dada. Nipo wodini, na hayo uliyoeleza tunayaona mara kwa mara. Ini ndilo linalosafisha damu. Likishindwa, sumu inayotoka matumboni, hasa amonia, inapanda hadi kwenye ubongo. Usingizi unageuka, mikono inatetemeka akiinyoosha, anasahau watu, anakuwa mkali, kisha anazama kwenye usingizi mzito. Hata mlokole asiyewahi kuonja pombe, ini lake likiharibiwa na homa ya ini B, anaweza kuwa hivyo hivyo. Huyo ng'ombe ndiye ushahidi wako: baba alikuwa anaongea na miaka ya zamani, si na wewe.

Alipimwa homa ya ini B? Inaweza kuambukiza walio nyumba moja. Mama nanyi mkapime, asiye nayo achanjwe.

Kaka wa Busia
Dada, kaka yangu alimwita mama mchawi. Mama aliyeuza kiwanja ili atibiwe! Hospitali wakampa laktulosi, ile dawa tamu ya maji inayoharisha, akili ikamrudia kwa siku chache. Akamwona mama analia, akamuuliza nani amekukosea. Hakukumbuka neno hata moja. Alifariki baadaye, lakini mama hakuyabeba yale maneno.

BintiKambi, Bombo
Mungu awabariki. Kaka, nimemsomea mama hayo yako, tumelia wote. Nesi, nikuulize jingine: mdogo wangu naye anakunywa tangu asubuhi. Baada ya mazishi ameapa kuacha kesho, ghafla. Tumsaidieje?

Nesi_Tororo
Asiache ghafla peke yake nyumbani! Kama akiamka mikono inatetemeka mpaka anywe kwanza, mwili umeshazoea, na kukatiza tu kunaweza kumletea degedege, hata kumuua. Mpeleke hospitali aachishwe kwa dawa. Butabika, ile hospitali ya magonjwa ya akili Kampala, wana kitengo cha walevi, na toka Bombo si mbali. Apimwe na ini hapo hapo. Makovu yakiwa bado hayajaenea, akiacha kabisa ini linaweza kupata nafuu kubwa. Mwende naye wiki hii, kiapo kikiwa bado cha moto.