Ukungu chumba cha mtoto: jiki, siki, sabuni au chokaa?

BwiruMlimani
Wakuu, naomba ushauri. Chumba cha mtoto wa miaka miwili, ukuta wa nyuma umeegemea mlima. Madoa meusi yameanzia chini hadi usawa wa goti. Ni plasta ya saruji iliyopakwa rangi ya maji. Kila mtu ananitajia dawa yake. Ipi itafanya kazi bila kumdhuru mtoto?

FundiIgoma
Mkuu, kabla ya dawa jua kwanza maji yanatoka wapi. Kausha sehemu moja ya ukuta, bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ziba kingo zote kwa selotepu, acha siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanapenya kutoka mlimani au kwenye msingi. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani: nguo zinaanikwa humo, dirisha halifunguliwi, kabati limebanwa ukutani.

Nyumba zetu zilizochimbiwa kwenye miteremko ya mawe nyingi zina shida hiyo ya kwanza, na hapo dawa yoyote haivuki masika. Ondoa udongo ulioegemea ukuta hadi sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, kisha chimba mfereji wenye mteremko wa kupeleka maji pembeni.

Ukiona unga mweupe unaoyeyuka kwa maji, hiyo ni chumvi ya ukuta, si ukungu.

Nesi_Nyegezi
Mtoto ahame kabisa, asilale humo hadi ukuta ukauke. Njia zake za hewa bado nyembamba, na vumbi la ukungu huchokoza kikohozi na pumu.

Kwa plasta yenye rangi naiweka sabuni ya unga mbele ya jiki. Jiki ni nzuri kwenye vigae na kioo. Kwenye plasta dawa yake huishia juu, maji yake yanazama ndani. Doa linapauka ukadhani limekwisha, kumbe mizizi ipo. Ukiitumia kwenye vigae, robo lita kwa lita 4 za maji, madirisha wazi.

Siki ya asilimia 5 isiyotiwa maji: nyunyiza, subiri saa moja, futa. Haiui kila aina ya ukungu. Tafadhali sana, jiki na siki visikutane, hata kwenye ndoo ambayo haijasuuzwa. Hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Dawa za usafi zenye amonia nazo zisiguse jiki.

DadaMkolani
Na chokaa je? Wazee wanaisifu.

FundiIgoma
Wana haki. Ukungu hauipendi, na ukuta unaendelea kupumua. Ila haishiki juu ya rangi ya maji, lazima ukwangue hadi plasta. Ikiwa mbichi inaunguza macho, kwa hiyo mtoto akae mbali hadi ikauke. Ukishapaka chokaa, siki marufuku, inaila. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu usithubutu. Itavimba na kubanduka.

Nesi_Nyegezi
Wakati wa kusafisha: barakoa ya N95 (ya kitambaa haitoshi), glavu za mpira, miwani, mlango umefungwa na dirisha wazi. Lowesha doa kwanza. Ukisugua kavu unarusha mbegu za ukungu chumba kizima. Sugua kwa brashi na maji ya sabuni, futa kwa kitambaa chenye maji safi, kausha. Vitambaa vifunge kwenye mfuko na utupe. Eneo likizidi mita moja ya mraba, au dari la jipsamu limeota ndani, ita fundi alikate.

BwiruMlimani
Asanteni sana. Godoro lina madoa upande mmoja, nianike juani?

Nesi_Nyegezi
Likiwa la sponji na ukungu umeingia ndani, litupe. Jua linakausha juu tu. Midoli ya kitambaa ioshwe kwa maji ya nyuzi 60. Isiyostahimili iende na godoro. Kitanda kipya kikae sentimita 10 kutoka ukutani, na wavu wa mbu uwekwe dirishani ili dirisha lifunguliwe kila siku.

FundiIgoma
Rudia jaribio la nailoni baada ya mvua kubwa mbili. Ikibaki kavu, paka rangi, mrudishe mtoto harufu ya rangi ikiisha.