Diana alipofariki, Malkia alikosea kukaa kimya?

Mpenda Sinema: Jana nimeirudia The Queen, ile filamu ya 2006, Helen Mirren akiwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Diana, aliyekuwa mkwe wake, kafariki Paris, 31 Agosti 1997. Watu wanarundika maua langoni Buckingham, kasri lake la London, Malkia yuko Balmoral, Scotland, kimya, mpaka waziri mkuu Blair amsihi arudi London. Filamu imemwonea huruma mno. Mkuu wa nchi hakimbii msiba. Na asiyetoa chozi hana uchungu. Mwasemaje?

Binti Mvita: Hilo la chozi lifute, tafadhali. Mama yangu alipofiwa na baba hakulia mbele za watu. Majirani walimsengenya matanga yote. Usiku mimi ndiye niliyekuwa namsikia.

Mwana wa Bara: Pole dada. Lakini mama yako hakuwa akitunzwa kwa kodi za watu. Hata bendera pale Buckingham hawakushusha nusu mlingoti!

Babu Juma: Bendera ipi, kijana? Pale ilikuwa ikipandishwa ya Malkia mwenyewe, naye akiwepo tu. Akiwa Scotland, mlingoti mtupu. Na hiyo haishushwi hata mfalme akifa, maana mrithi keshashika.

Mwana wa Bara: Shikamoo mzee wangu. Mbona siku ya mazishi, 6 Septemba, ya taifa ilipepea nusu mlingoti hapohapo? Kumbe iliwezekana. Watu walitaka kupewa pole, si darasa la bendera.

Babu Juma: Marahaba. Umetaja bendera wewe, nimekujibu, sasa waita darasa. Si adabu hiyo.

Mpenda Sinema: Jamani, filamu!

Binti Mvita: Filamu umeitazama kweli? Gari linamharibikia Malkia mtoni, yuko peke yake, analia. Kamera iko mgongoni kwake, uso hatuonyeshwi. Halafu waniambia hana chozi. Bado sijaona umelifuta.

Mpenda Sinema: Nalifuta, dada. Niwie radhi, na mama pia.

Mama Wawili: Mmewasahau watoto. William miaka 15, Harry 12, wamefiwa na mama. Bibi akae nao au akimbilie kamera? Mimi ningekaa.

Mwana wa Bara: Akae nao, halafu wakatembezwe nyuma ya jeneza dunia nzima ikiwatazama?

Mama Wawili: Hapo sina jibu. Wangu wa mwisho ana miaka 12. Nisingekubali.

Babu Juma: Mtoto wa kiume kumsindikiza mamake kaburini ni haki yake, mwanangu. Usimnyime.