Naomba ushauri: jeli ya mwani inavunjika ovyo

Asalaam aleikum wakubwa, mie nipo Wete, nnafanya projekti ya jeli ya kushika maji kwenye miche, natumia mwani wa hukuhuku. Sasa ule mwani mnene (cottonii) nikiutilia chumvi ya potasiamu jeli inakuwa ngumu khasa lakini ukiikunja kidogo tu ishakatika, na ikikaa inatoka maji. Ule mwembamba (spinosum) nikiutilia kalsiamu jeli inavutika vizuri ila laini mno, kama mrenda. Nimefikiria nichanganye zote mbili, au nitie PVA (plastiki inayoyeyuka kwenye maji) halafu nigandishe na kuyeyusha mara kadhaa ili mtandao wa ndani ushikane, ila umeme wenyewe mnaujua. Kwa alowahi kufanya, nianze na vipimo gani, na nipoze taratibu au haraka?