Kulinganisha moduli za stashahada ya TEHAMA na shahada yenye ithibati: tuanzie wapi?

Mratibu_Mtaala
Wakuu, habari za kazi. Chuo chetu kimesajiliwa NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi), tunafundisha TEHAMA NTA 4 hadi 6, yaani ngazi za cheti hadi stashahada. Uongozi unataka moduli zetu ziendane na shahada ya sayansi ya kompyuta ili wahitimu wapokelewe vyuo vikuu, na ikiwezekana wasirudie masomo waliyokwisha kuyasoma. Rasimu ya jedwali niliyonayo ina safu tatu: jina la moduli yetu, jina la kozi ya chuo kikuu, krediti za kila upande. Krediti zinakaribiana, nyingine zinafanana kabisa. Je, hilo linatosha kuwapelekea?

Bi_Ithibati
Halitoshi, na kabla ya jedwali tenganisheni mambo mawili ambayo uongozi wenu umeyachanganya: kudahiliwa na kusamehewa kozi (kutotakiwa kurudia kozi uliyokwisha kuisoma).

Kudahiliwa hakuhitaji jedwali. Mwenye stashahada anatakiwa awe na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kisha masharti ya programu husika kama yalivyo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huo. Hapo ndipo vyuo vingi huumia. Mwongozo hutaja stashahada zinazokubalika kwa majina. Chuo kikibuni jina la kuvutia lisilo kwenye orodha, mhitimu mwenye GPA ya 4.2 anaweza kukwama, na lawama zitarudi kwenu. Fungueni mwongozo, angalieni programu tano au sita mnazozilenga, mwone jina la stashahada yenu linasomekaje humo. Jambo jingine ni AVN, namba ya kuthibitisha tuzo: mhitimu hawezi kuomba chuo kikuu bila namba hiyo ya NACTVET, na haipatikani kama matokeo yake hayajapandishwa kwenye mfumo au jina limeandikwa tofauti na cheti cha kidato cha nne. Hilo ni la ofisi ya mitihani, wala halina uhusiano na mtaala.

Kusamehewa kozi ni uamuzi wa chuo kikuu kinachopokea, kupitia idara na seneti yake. Jedwali ni la huko.

Krediti_10
Naongezea kwa Bi Ithibati. Krediti kufanana hakuthibitishi kitu. Pande zote mbili krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo namba lazima zikaribiane. Tofauti ni ngazi. Krediti 10 za NTA 6 na krediti 10 za shahada zina saa zilezile 100, lakini kinachodaiwa kwa mwanafunzi ndani ya saa hizo si kimoja. Chukua upangaji wa programu: mwanafunzi wa stashahada anaandika programu inayofanya kazi, wa shahada anaulizwa kwa nini algoriti hii inazidiwa na ile data inapoongezeka, na athibitishe.

Jedwali la kufaa liwe na safu hizi: matokeo ya ujifunzaji ya kozi yao (yale mwanafunzi anatakiwa aweze kuyafanya akimaliza), moja kwa kila mstari (usianzie kwenye moduli yenu, utajikuta unalazimisha zifanane), mada yenu inayogusa tokeo hilo, saa zilizotengwa kwa mada hiyo, namna ya upimaji, ushahidi, halafu hukumu: limefikiwa, limefikiwa nusu, halipo. Ushahidi ni karatasi ya mtihani, mwongozo wa kusahihisha, kitini cha maabara, orodha ya vitabu. Mhakiki akiona tokeo limeandikwa "kuchambua" na maswali yote ya mtihani ni "taja" na "eleza", atalifuta, na ataanza kutilia shaka mistari mingine.

Mpangilio wa saa nao uonekane. Moduli ya krediti 10 kwa muhula wa wiki 15 za kufundisha: mihadhara saa 30, semina 15, maabara 15, kazi za kupimwa 15, kujisomea 25. Kisha jumlisheni muhula mzima. Krediti 60 ni saa 600, yaani 40 kwa wiki. Mkiandika 78 mmemfungia mwanafunzi saa 52 kwa wiki, na mhakiki atajua mmerundika krediti ili jedwali lipendeze.

Na msidai kozi ambayo matokeo yake mmefikia chini ya robo tatu. Kozi nne imara zinapita kirahisi kuliko kumi na mbili za kubahatisha.

Mratibu_Mtaala
Asanteni sana. Nikianza kwa mtindo huo naona hisabati ndiyo inayotuangusha. Moduli yetu ina mantiki, seti na takwimu kidogo. Wao wana kalkulasi, aljebra ya mstari na hisabati diskreti (discrete mathematics), kila moja kozi kamili. Tuongeze mada kwenye moduli iliyopo?

Fundi_Mtaala
Mkuu, mkiongeza mada bila kuongeza saa mtapata moduli iliyojaa kila kitu na isiyofundisha chochote. Kalkulasi pekee inahitaji saa zake 100. Isitoshe, mtaala ulioidhinishwa haubadilishwi na idara. Mapitio yana utaratibu wake NACTVET: utafiti wa mahitaji, ufuatiliaji wa wahitimu, kikao cha wadau, rasimu, uhakiki. Na kwa fani zenye mtaala wa kitaifa, kama za afya, chuo kimoja hakiwezi kuugusa kabisa.

Njia nyepesi ni kuacha hisabati kama ilivyo na kuomba wahitimu wasamehewe kozi za matumizi tu: misingi ya mitandao, hifadhidata, usanifu wa tovuti, matengenezo ya kompyuta kama wanayo. Hisabati mwanafunzi ataisoma chuo kikuu. Angalieni tu mnyororo wa kozi tangulizi. Akisamehewa kozi ya mwaka wa pili ambayo kozi yake tangulizi hajaisoma, ratiba yake inavurugika na anaweza kumaliza pamoja na asiyesamehewa chochote. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, 120 kwa mwaka. Kusamehewa 40 zilizotawanyika mihula minne hakupunguzi hata muhula mmoja. Mwambieni mkuu wa chuo hilo mapema, kabla halijaingia kwenye tangazo la udahili.

Krediti_10
Hapo kwenye mnyororo Fundi kamaliza. La mwisho kwangu: kwenye hati ya makubaliano andikeni toleo la mtaala wa kila upande na mwaka wake. Wao wakipitia mtaala wao, safu ya kwanza ya jedwali lenu imekufa, na msipokuwa na kifungu cha kupeana taarifa mtaambiwa na wanafunzi walioko dirisha la usajili.