Je, Luteni Columbo ni askari wa kuigwa?

Mleta mada:
Wapenzi wengi wa mfululizo wa televisheni wa Columbo, uliorushwa Marekani na NBC kuanzia 1971 hadi 1978, kisha ukafufuliwa na ABC kuanzia 1989 hadi 2003, humtaja luteni huyo wa polisi wa Los Angeles kuwa kielelezo cha upelelezi wa kistaarabu: hapigi mtu, ni nadra kumwona na bastola, na anaowatia mbaroni aghalabu ni matajiri na vigogo waliozoea kudhani kuwa sheria haiwahusu. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kuyageuza kuwa uthibitisho kwamba mbinu zake ni halali.

Mtazamaji huonyeshwa mauaji mwanzoni kabisa na kumjua muuaji kabla Peter Falk, mwigizaji wa Columbo, hajatokea na koti lake lililokunjamana; kwa hiyo kila mtego unaotegwa baadaye huonekana wa haki, kwa kuwa tunajua utamnasa nani. Tuiondoe sehemu hiyo ya mwanzo, tuone kinachobaki. Katika kisa cha 1972 kinachotokea London, ushahidi unaowamaliza waigizaji wawili ni ushanga wa lulu uliokutwa ndani ya mwavuli, na mwishoni luteni anadokeza, kwa kufyatua kitu kidogo kwa kidole, jinsi ulivyofika humo. Huko si kupeleleza. Ni kubambikia watu ushahidi, hata kama watu wenyewe wameua kweli.

Mchangiaji:
Umekichukua kisa kimoja kibovu ukakifanya kipimo cha visa 69. Mara nyingi Columbo humwachia mtuhumiwa ajimalize mwenyewe. Katika kisa cha 1971 kinachomhusu mkuu wa kampuni ya wapelelezi binafsi, luteni alimfanya tu aamini kwamba lenzi ya kuvaa jichoni ya marehemu imepotea, naye bwana yule akaenda gereji usiku kupekua buti la gari lake. Asiye na hatia angelala usingizi wake. Isitoshe, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Frazier dhidi ya Cupp la 1969, ilikwisha kuamua kwamba uongo wa polisi kwa mtuhumiwa hautoshi peke yake kubatilisha ungamo lake.

Mleta mada:
Mfano wako una nguvu kuliko wangu, isipokuwa umeacha jambo moja: gari lile lilikuwa gereji kwa sababu Columbo mwenyewe aliliziba bomba la moshi kwa kiazi. Anaueleza ujanja huo kama utundu wa utotoni, nasi tunacheka naye kwa kuwa mwenye gari ni muuaji. Ama uamuzi wa 1969, huo ulihusu maneno ya polisi wakati wa mahojiano, tena mahakama ilipima mazingira yote ya ungamo lenyewe. Haukumruhusu askari kuharibu gari la mtu, sembuse kutia ushanga mwavulini.